Kikombe cha Plastiki Kilichokula Mfupa wa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za wapwa zako wawili ambao sasa wananipita kimo wote na hawaachi kunikumbusha. Sisi ni wazima. Natumaini nawe u mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi cha mwezi wa sita kimekuacha. Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, meno ya mbele yameshaota? Nauliza kwa moyo mmoja. Nina hasira na wewe, lakini sitaki uumwe.

Nimetanguliza salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Zimekwisha, sasa nisikilize.

Jumatano nilikupigia mara tatu. Mara ya tatu ukapokea, ukaniambia, "Dada, niko kazini, kama ni jambo refu niandikie." Haya, nakuandikia. Ni jambo refu kweli. Lisome ukiwa umekaa, na usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka maagizo ya Mama.

Kuanguka kwa Mama nilikueleza kwa simu, ila nilikueleza juu juu kwa sababu nilikuwa hoi na mimi mwenyewe sikujua kitu. Alikuwa kwenye lile duka la viatu la pembeni, anachora bango jipya. Unamjua Mama, Fundi Brashi wako: hapigi mstari, hapimi, anaandika herufi za futi moja kwa jicho tu na zinasimama kama zimepangwa na mashine. Alikuwa amemaliza "VIATU VYA" akawa anashuka ili asogeze ngazi. Alibakiza vidato viwili. Viwili, mdogo wangu! Mtoto wa miaka minne anaruka kutoka hapo huku anacheka.

Mwenye duka ameniapia kwamba alisikia mlio wa mfupa kwanza, ndipo akamwona Mama akienda chini. Nilidhani anachanganya mambo kwa sababu ya mshtuko. Hakuchanganya. Mfupa ulivunjika Mama akiwa bado amesimama, na hicho ndicho kilichomwangusha.

Hospitalini tulipokewa na daktari wa mifupa, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alitazama picha muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama yenu mara ya mwisho alipigwa picha ya nyonga lini?"

Nikamjibu, "Alipowekewa hiyo ya bandia. Miaka kumi na moja iliyopita."

Akaweka kalamu chini. "Na katikati hapo?"

"Katikati hakuna."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinivuta karibu na taa, akanionyesha. Nyonga ile ya Mama, kama unakumbuka, ni kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Ndivyo tulivyoambiwa siku ile, na wewe ukatania kwamba Mama sasa ana vipuri. Kwenye picha kile kichwa cha chuma hakikuwa tena katikati ya kikombe. Kilikuwa kimepanda juu, kimejikita upande mmoja. Na nyuma ya kikombe, mahali panapotakiwa kuwa mfupa mweupe, palikuwa na mashimo meusi. Chini yake, kwenye paja, mfupa ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai.

Nikauliza kama ni saratani. Akasema hapana, ni plastiki.

Akanieleza hivi. Kila hatua Mama anayopiga, chuma kinasugua plastiki, na plastiki inatoa unga. Unga wenyewe ni laini hata jicho halioni. Mwili unauona huo unga kama adui aliyeingia, unatuma askari wake waumalize. Askari hawawezi kuila plastiki. Wanachanganyikiwa, wanapandisha hasira, na vurugu yao inaishia kwenye mfupa. Mfupa ndio unaoliwa. Unaliwa kimyakimya, mwaka baada ya mwaka, na mwenye mfupa anaweza asisikie chochote mpaka kikombe kilegee. "Ndiyo maana tunawapiga picha hata wanaojisikia wazima," akasema. "Hasa wanaojisikia wazima."

Mama hakujisikia mzima, na hapa najisema mwenyewe kwanza. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akiniambia kuna kitu kinasaga kwenye kinena, kama anatembea na kokoto ndani. Tulikwenda kwa yule daktari wa zahanati ya karibu ambaye mtaa mzima unamwita Vidonge. Hakumgusa hata mguu. Alimwambia, "Mama, umri huo," akaandika vidonge. Tukarudi mara ya pili, umri huo, vidonge. Mara ya tatu Mama akakataa kwenda. Na mimi, dada yako, ninayejifanya mwerevu, nikamwambia anadeka. Nilimwambia hivyo jikoni, ameshika sinki kwa mikono miwili ili aweze kugeuka. Alimaliza kuosha vyombo.

Nimejilaumu vya kutosha, na bado naendelea. Usidhani nakuandikia ili nijitoe.

Upasuaji ulichukua saa sita. Walitoa vitu vyote vya zamani, wakamjazia mfupa wa kupandikiza, wakamfungia bamba na skrubu, wakamwekea kikombe kipya cha plastiki ya aina nyingine ambayo daktari anasema inastahimili zaidi. Mguu wa kulia umebaki mfupi kwa upana wa kidole gumba. Anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Sasa hivi ninapoandika yuko chumba cha pili, nasikia fremu ikigonga sakafu: mara kumi kwenda, mara kumi kurudi, na matusi madogo madogo katikati. Ngazi hatapanda tena maishani. Daktari alipomwambia hilo ndipo alipolia. Upasuaji hakulia, sindano hakulia. Alilia kwa ajili ya ngazi.

Nilimwomba daktari anipe kile kikombe kilichotolewa. Alinitazama kidogo, akanisainisha karatasi, akanipa kikiwa kimesafishwa, ndani ya mfuko. Nikakipeleka kazini.

Wewe hujawahi kuelewa kazi yangu, unasema nakereza vyuma tu. Nusu ya kazi yangu ni plastiki. Nakereza bushi za pampu, zile pete ambamo mhimili unazunguka, kutwa nzima, na bushi iliyolika naijua kama ninavyojua sura yako. Nilikibana kikombe cha Mama mezani, nikakipima unene kwa kalipa, kile kipimo chetu cha taya mbili. Upande mmoja milimita nane. Upande wa pili mbili, na mahali pengine hata mbili haifiki. Hayo ni matumizi, nikajiambia, miaka kumi na moja ya kupanda ngazi. Lakini ukingo wake ulikuwa na rangi ya manjano, umechanika nyufa nyufa, na nilipougusa kwa ukucha ukamong'onyoka. Hiyo siyo kazi ya kusuguliwa. Plastiki ya namna hiyo nimeiona kwenye bushi zilizoachwa wazi stoo kwa miaka. Inachacha. Hewa inaingia ndani yake, inakauka, inakuwa kama biskuti.

Nilisimama pale na kile kikombe kiganjani, mashine za wenzangu zinanguruma, damu inanichemka. Mimi pampu ya mtu nikiifunga bushi iliyochacha nafukuzwa siku hiyohiyo.

Nikarudi kwa daktari. Nikamwonyesha ukingo. Akainuka, akafunga mlango. Ndipo akaniambia kwamba miaka miwili iliyopita, kabla yeye hajahamia pale, watengenezaji wa vikombe vile walituma tangazo. Baadhi ya vikombe vilifungwa kwenye mifuko iliyokosa utando mmoja wa kuzuia hewa. Plastiki ilianza kuchacha ikiwa bado kwenye rafu, haijaingia kwa mgonjwa yeyote. Tangazo lilitaka wagonjwa wote wenye vikombe hivyo waitwe wapigwe picha. Namba ya kikombe cha Mama imo kwenye orodha. Yeye mwenyewe alikuwa ameigundua asubuhi ile na alikuwa anatafuta namna ya kuniambia.

"Kwa nini hatukuitwa?" nikamuuliza.

"Hilo hata mimi nataka kulijua," akasema. "Nenda ofisi ya kumbukumbu. Sema nimekutuma mimi."

Sasa kaza mkanda.

Karani wa kumbukumbu ni mama wa makamo, ana miwani aliyoifunga kwa uzi. Hakunizungusha. Alitoa faili la Mama, akafungua, akalisoma, kisha akaligeuza upande wangu. Kulikuwa na fomu yenye kichwa cha habari cha lile tangazo. Chini yake, mwandiko wa mtu mwingine, kalamu ya bluu: *Amepigiwa simu mtoto wa mgonjwa. Anasema mama anatembea vizuri, hana malalamiko, hahitaji kuja.* Pembeni, namba ya simu.

Namba yako.

Nikaisoma mara tatu nikitafuta tarakimu moja iliyokosewa. Hakuna. Ni ile unayoitumia mpaka leo, uliyoandika mwenyewe siku ya kumlaza Mama miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu simu yake ilikuwa inazimwa kutwa na yangu ilikuwa imeibwa. Tarehe ipo. Saa ipo. Hata muda umeandikwa: mlizungumza dakika mbili.

Dakika mbili, kaka. Hahitaji kuja. Nani alikupa cheo cha kujua Mama anahitaji nini? Ulikuwa na miaka mingapi hujamwona akitembea? Ulimwona wapi akitembea vizuri, kwenye ndoto? Sikukatazi kuwa mbali. Watu wanatafuta maisha, na msaada wako hapa nyumbani tunauona. Lakini ulishindwa nini kusema, "Sijui, mpigieni dada yangu"? Maneno manne! Ulishindwa nini, baada ya kukata simu, kunipigia kunieleza kwamba hospitali imemtafuta Mama? Ningempeleka kesho yake. Mfupa ungekuwa bado upo. Daktari amesema wazi: miaka miwili iliyopita ingekuwa kazi ya kubadilisha kikombe peke yake, siku chache kitandani, na mguu wake mzima.

Najua utajitetea kwamba kila ukimpigia Mama anakwambia, "Mimi mzima, mwanangu." Ni kweli. Wewe kitindamimba wake, angekuwa amelazwa angekwambia yuko sokoni. Lakini unamfahamu mama yako. Ulipokea lile "mzima" kwa sababu lilikufaa, likakuondolea usumbufu, ukawapa hospitali vilevile ulivyopewa.

Usifikiri hospitali nimeiacha salama. Nilipotoka kumbukumbu nilipanda moja kwa moja kwa msimamizi. Ana ofisi yenye zulia. Nikaweka kile kikombe juu ya karatasi zake.

Akasema, "Dada, pole sana, lakini sisi tulitimiza utaratibu. Simu ilipigwa."

"Tangazo linasema picha. Nionyeshe palipoandikwa simu."

"Wagonjwa wengine wanaishi mbali, gharama za usafiri..."

"Mama yangu anaishi vituo vitatu kutoka hapa! Simu inaona mfupa? Mwanawe aliyewajibu yuko nchi nyingine. Hata hamkumuuliza yuko wapi."

Nikamuuliza orodha ina watu wangapi. Akasema hawezi kutoa habari za wagonjwa. Nikamwambia sitaki majina, nataka hesabu. Arobaini na mmoja, akasema. Waliopigwa picha? Kumi na tisa, Mama sasa akiwemo. Na waliobaki? "Tuliwapigia." Alilisema hilo neno kwa sauti ndogo, nadhani alijisikia mwenyewe.

Nikamwambia, "Basi wapigie tena, na safari hii uwaite." Akasema suala litapelekwa kwenye kikao. Nikamuuliza kikao ni lini, akasema litapangiwa tarehe. Mdogo wangu, nilitoka nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Niliomba ruhusa kazini. Siku ya kwanza alinipita kama hanioni. Siku ya pili akatumia mlango wa nyuma. Siku ya tatu daktari wa mifupa alikuja na koti lake jeupe akakaa kando yangu mapumziko yake yote ya mchana, anakula mkate. Wauguzi walianza kupita pale bila haja yoyote ya kupita. Siku ya nne saa nne asubuhi msimamizi alifungua mlango akaniambia amesaini. Wagonjwa ishirini na wawili waliobaki waitwe, wapigwe picha, bila kulipa.

Wawili kati yao walishafariki kwa mambo mengine. Wengine wamekuwa wakija wiki hii yote. Juzi nilikuwa pale na Mama kwa mazoezi nikamkuta mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, kaja anatembea kama kijana. Alikuwa ananung'unika kwamba wanampotezea muda, yeye hana maumivu hata kidogo. Alipotoka chumba cha picha hakuwa ananung'unika. Wamemkuta ana tundu nyuma ya kikombe ambalo ngumi ya mtoto inaingia. Anafanyiwa upasuaji Jumanne, mfupa ukiwa bado haujavunjika. Alinishika mkono, akataka kujua mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni binti wa mgonjwa mwenzake. Wamepatikana wengine wawili kama yeye.

Nimefurahi kwa ajili yao. Furaha hiyo haijanipunguzia hasira hata punje. Kila nikimwona mtu anatembea kwa miguu yake kwenda kufanyiwa kazi ndogo, namwona Mama.

Jambo la mwisho ndilo zito. Mama ameshasikia kwamba kulikuwa na tangazo, wauguzi walizungumza. Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani aliniuliza, nikiwa namvisha soksi, "Kwani hawakupiga simu?"

Nikasema, "Faili lako lilikuwa halionekani, Mama."

Akatikisa kichwa. "Watu wazembe sana hawa," akasema. Kisha akakutaja. Akasema, "Mwanangu wa mwisho angekuwepo hapa, angewafuatilia."

Niliendelea kuvuta soksi. Nimemdanganya mama yangu mzazi usoni, amekaa kitandani, na nimefanya hivyo kwa ajili yako. Tangu siku ile silali vizuri na simtazami machoni. Sitaendelea kubeba mzigo huo. Si wangu.

Kwa hiyo nakueleza utakachofanya. Kila siku saa nne asubuhi Mama anamaliza mazoezi, anakaa kwenye kiti cha dirishani, simu iko mezani kwake na imewashwa. Mpigie. Usianze na habari za hali ya hewa huko kwenu. Usimwambie "inawezekana kulikuwa na kutoelewana." Usinitaje mimi, usimtaje karani, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa ujumbe wa pole kabla hujampigia. Mwambie, "Walinipigia, Mama, na mimi nikawaambia huhitaji kuja." Halafu unyamaze, umsikilize atakachosema, hata akikaa kimya nusu saa. Usikate wewe kwanza.

Atakusamehe, nadhani, na upesi kuliko mimi. Lakini asikie kwa mdomo wako. Nakupa wiki moja toka upate barua hii. Ikipita, nitamsomea mimi mstari ule wa bluu kama ulivyo, neno kwa neno, kwa sababu nimeunakili na ninao hapa.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichotuma kimefika na nitamwandikia peke yake. Mbusu binti yenu mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji yako anakusalimu. Yeye anasema niipunguze makali barua hii, nami nimemwambia akalale. Wapwa zako wanauliza lini unakuja.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe ujasiri wa dakika mbili nyingine.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyetaka kukuona kwa sasa.